Futa hiyo namba 50 kabla hujafungua riwaya hata moja

Umeandika kwamba umehamia Dodoma kikazi, kwamba jioni zako huko Nzuguni ni ndefu na huna wenyeji wengi, na kwamba umejiwekea lengo la kumaliza riwaya 50 kwa mwaka. Ukauliza kama lengo hilo linafaa, riwaya za Kiswahili zinapatikana wapi hapa mjini, na kama kusoma kwenye simu ni sawa na kusoma kitabu cha karatasi. Wenzangu wote waliotangulia wamekupongeza. Mimi siwezi, kwa sababu namba hiyo hiyo niliwahi kuibeba na ninajua inakokupeleka.

Aliyenitwisha alikuwa mhamasishaji mmoja aliyekodi ukumbi hapa mjini akatutoza kiingilio, akasimama mbele yetu na kusema kwamba mtu makini hasomi chini ya vitabu 50 kwa mwaka. Kisha akatufundisha njia ya kuvifikia: soma aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sura, ruka maelezo ya mandhari, fuata mazungumzo peke yake. Mpaka leo nina hasira naye. Njia hiyo inaweza kumfaa anayetafuta jambo moja ndani ya taarifa ya ofisi, lakini kuwafundisha watu wasome riwaya namna hiyo, tena kwa kuwalipisha, ni kuwadhulumu. Chukua Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Kwamba makuli wa bandari ya Unguja waligoma mwaka 1948, kitabu chochote cha historia kitakueleza kwa sentensi moja. Riwaya imo katika namna Rashidi anavyofikishwa kwenye mgomo huo, hatua kwa hatua, kwa uzito wa mizigo na kwa maneno ya watu anaofanya nao kazi. Ukiruka maelezo ya kazi yake, umebaki na tangazo la mgomo na hujui kwa nini mtu huyu aligoma.

Tena namba ikishakaa kichwani huanza kukuchagulia vitabu. Riwaya 50 ni kama moja kila wiki, na wiki haina nafasi ya kitabu kinene. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Aniceti Kitereza, aliyoiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, ikasubiri zaidi ya miongo mitatu kabla ya kutoka kwa Kiswahili, niliishika mkononi, nikapima unene wake kwa kidole gumba, nikairudisha rafuni. Nikachukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi kwa sababu moja tu: ni nyembamba. Niliianza treni ilipoondoka Dodoma, nikaifunga kabla hatujaingia Dar es Salaam, nikaweka alama ya vema kwenye daftari. Nagona haiendi kwa mpangilio wa visa tuliouzoea, na ukurasa wake mmoja unaweza kudai usomwe mara kadhaa. Mimi niliupa muda ule ule niliokuwa nikiupa ukurasa wa hadithi ya upelelezi.

Yote hayo ningeweza kuyasamehe, kwa kuwa aliyepata hasara nilikuwa mimi peke yangu. Vuta n'kuvute ndiyo iliyoniumiza. Mtoto wa dada yangu alikuwa kidato cha tano, riwaya hiyo ikiwa miongoni mwa vitabu vyake vya Kiswahili, na alijua kwamba jina la kitabu hicho limo kwenye daftari langu. Akaja na swali lililopangika vizuri: "Mjomba, Yasmin aliporudi Unguja, ndugu zake wa damu walimkataa. Mwajuma alimpokea kwa faida gani?" Sikukumbuka Mwajuma ni nani. Badala ya kusema hivyo, nilijibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, nikamwambia kwamba Mwajuma alikuwa mtumishi katika nyumba ya Bwana Raza, mume wa Yasmin. Akaniamini, akayaandika maneno yangu kwenye zoezi lake. Daftari liliporudi, mstari wa wino mwekundu ulikuwa umekatiza aya nzima, na pembeni mwalimu ameandika: "Umesoma kitabu gani?" Mtoto hakunilaumu. Alinionyesha tu, akauliza kama kuna kitabu kingine chenye jina hilo.

Nilikisoma upya chote. Mwajuma ni mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo huko Unguja, asiye na mali, na anamfungulia mlango msichana wa Kihindi aliyemkimbia mume mzee Mombasa na kukataliwa na jamaa zake. Nusu ya maana ya kitabu imo ndani ya mlango huo. Nami nilikuwa nikiwaambia watu kwamba ni hadithi ya mapenzi ya Yasmin na Denge.

Tangu hapo nina sharti moja, nalo ndilo ninalokusihi ulichukue: usifungue riwaya ya pili kabla hujamsimulia mtu riwaya ya kwanza, kwa mdomo, kitabu kikiwa kimefungwa. Mimi humsimulia mke wangu jioni. Yeye si msomaji wa riwaya, lakini maswali yake hayana huruma. Nilipomsimulia Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, nilikuwa nimejaa ghadhabu juu ya Zakaria, baba yake Rosa, kwa ulevi wake na ukali wake kwa binti huyo. Akanikatiza: "Na mama yake alikuwa wapi?" Nilikuwa nimempita Regina, mama yake Rosa, kama mtu aliyekaa pembeni. Nikarudi kwenye kila sehemu aliyotajwa, na tulipoendelea tulibishana hadi usiku juu ya nani alimharibu Rosa, na mpaka leo hatujakubaliana. Riwaya hiyo ilinichukua muda mrefu kuliko wiki yako moja, na siijutii hata siku yake moja.

Usiniambie kwamba huna wa kumsimulia kwa kuwa wewe ni mgeni hapa. Una mpangaji mwenzako, una dereva unayepanda naye kila asubuhi kwenda Mtumba, una mama yako kwenye simu. Anza na Vuta n'kuvute, usome na maelezo yote ambayo utaambiwa uyaruke, kisha rudi hapa utuambie kwa maneno yako mwenyewe kwa nini Mwajuma alifungua mlango. Mimi nina jibu langu, lakini nitalitoa baada ya lako.