Jani la mgomba lililoniulia sungura

Wiki iliyopita dada mmoja wa Moshi aliniandikia kwamba siafu wamemmalizia sungura wote usiku mmoja, akaniuliza kama aache kufuga. Dada yangu, usiache. Yalinikuta na mimi.

Ilikuwa masika. Pamba, jike wangu wa kwanza, alikuwa na watoto 7 wa siku 5, hawana manyoya, macho bado yamefumba. Banda nililijenga mwenyewe na nilijivunia: limeinuliwa mita 1 kutoka chini, kila mguu umesimama ndani ya kopo la oili chafu. Majirani walikuja kulitazama. Saa nane usiku nikasikia kishindo. Sungura halii ovyo. Akiogopa hupiga sakafu kwa miguu ya nyuma. Nilimsikia Pamba akipiga, akarudia, nikajifunika blanketi. Hilo linaniuma hadi leo.

Asubuhi hakubaki hata mmoja. Makopo yalikuwa na oili tele, na ndani yake hamna siafu. Nililia, kisha nikazunguka nyuma. Jani moja kavu la mgomba lilikuwa limelainika kwa mvua, likainama, likaegemea ukuta wa banda. Walipitia hapo.

Banda la pili lilinila pesa na miezi, lakini mwaka huu mwezi wa tano siafu walirudi. Nilikaa na tochi nikiwamulika wanavyozunguka makopo, mguu kwa mguu, mpaka wakashika njia yao. Jike na watoto 6 wakaamka salama. Sijawahi kuona fahari kama ile.

Basi nisikilize. Fyeka kila kinachoweza kugusa banda: majani, kamba ya kuanikia, fimbo uliyoiegemeza jana. Juu ya kila kopo funga kipande cha bati, maana mvua ikijaza kopo, oili huelea na kumwagika. Wavu wa kuku humzuia kuku asitoke, haumzuii mbwa asiingie. Nunua waya mgumu wa kuchomelewa. Wa sakafuni uwe na matundu ya nusu inchi kwa inchi 1, kinyesi kipite, na uweke ubao wa kupumzikia, la sivyo nyayo zitatoka vidonda. Halafu rudi ukafyeke tena, kwa sababu mgomba hausubiri.

Na tuache kusema "ni sungura tu." Umemfungia ndani, umemnyima mbio zake, kwa hiyo usalama wake uko mikononi mwako. Akigonga usiku, amka!

Dada, zunguka banda lako leo jioni na tochi. Makopo yakiwa tayari niandikie. Nina majike wawili wachanga, mmoja nitakuwekea.