Si mapema hata kidogo

Kuanza kazi za mikono za Krismasi mwezi wa pili? Wacha wakucheke, wewe anza tu. Ila chagua cha kuanza nacho. Kufuma na kudarizi ndiko kunakokula muda, hivyo blanketi au kitambaa cha meza kitangulie. Uzi nunua wote kwa mkupuo mmoja, na hakikisha namba ya toleo la rangi kwenye lebo ("dye lot", yaani nyuzi zilizotiwa rangi kwa pamoja) ni ileile kwa kila bunda. Ukirudi kuongeza miezi mitatu baadaye, nyekundu hiyohiyo inaweza kuwa imekolea zaidi, na mstari utaonekana katikati ya blanketi. Kadi unaweza kutengeneza wakati wowote, hazina shida.

Mapambo ya unga na chumvi, hayo ngoja Novemba. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo yakikaa muda mrefu kabatini hulainika na hata kuota ukungu, labda uwe umeyakausha hadi ndani na kuyapaka vanishi pande zote. Sweta za watoto nazo zisubiri, au zifume kubwa kidogo, maana mikono yao hairefuki kwa ratiba yako.