Mbwa wangu akifungwa kamba hulala chini

SWALI: Nimemchukua mbwa jike wa miaka miwili hivi kutoka kituo cha kutunza wanyama. Ndani ya nyumba ni mtulivu, anakula vizuri na kunifuata chumba hadi chumba. Nikimfunga kamba tu hulala chini, mkia umefyatwa, hainuki. Nikimvuta hukaza miguu zaidi. Nifanyeje?

JIBU: Acha kumvuta, kuanzia leo. Mbwa anayevutwa huvuta kuelekea nyuma, hata asipokuwa mbishi. Ndivyo mwili unavyojikinga usianguke. Na huyu wako si mbishi, ana hofu. Pengine hajawahi kuvaa kamba, au aliivaa akaburutwa nayo.

Mvulie kamba ya shingoni, mtafutie mkanda wa kifuani usiobana mabega. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili. Ukilegea kupita hapo, mbwa mwenye hofu atarudi kinyumenyume na kuchomoka, na hivyo ndivyo mbwa wengi wageni wanavyopotea. Kamba iwe nyepesi, ya mita 1.5 hadi 2. Zile zinazojikunja zenyewe kwenye kishikio usizitumie: hazilegei kabisa, na kishikio kikikuponyoka kitamfuata kwa kishindo.

Sasa anza upya, ndani ya nyumba. Weka mkanda sakafuni, uzungushie vipande vya nyama vidogo kama punje za njegere. Akivila bila wasiwasi, mshikie mkanda ili apitishe kichwa mwenyewe kufuata nyama. Usimvamie kwa juu. Mvalishe kwa dakika chache wakati wa kula, kisha mvue. Akiuzoea, funga kamba na umwache aiburute huku ukimwangalia isinase penye fanicha. Kushika ncha ya kamba ni hatua ya mwisho, na hata hapo ibaki imelegea. Piga hatua mbili, mwite kwa sauti laini, akikufikia mpe kipande kando ya goti lako. Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa zamu moja, mara mbili au tatu kwa siku. Kisha uani, kisha njia isiyo na watu wengi.

Siku ngapi? Kalenda haitakuambia, mwangalie yeye. Akilamba midomo ilhali hakuna chakula, akipiga miayo, akilaza masikio au akionyesha weupe wa macho, umekwenda haraka mno. Akikataa hata nyama anayoipenda, hofu imeshamzidi: rudi alikokuwa ametulia. Akiganda njiani, simama naye, legeza kamba, geuka ubavu bila kumkazia macho, umpe muda wa kutazama na kunusa. Akiinuka, mfuate anakoelekea, hata kama ni nyumbani.

Iwapo anachechemea, au hukataa ngazi pia, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Maumivu ya nyonga, au kucha ndefu mno, hufanana sana na ukaidi.

SWALI: Wetu hana hofu hata kidogo, ila hutuburura, na akichangamka huitafuna kamba. Jirani anashauri mnyororo wa kukaba.

JIBU: Tafadhali msiununue. Hukandamiza koo na kuongeza mgandamizo ndani ya macho, na mbwa huunganisha maumivu hayo na anachokiona wakati huo: mtoto, baiskeli, mbwa mwingine. Hapo ndipo ukali huzaliwa.

Tumieni mkanda wenye pete ya mbele, kifuani. Kamba ikikazika, simameni, ikilegea, endeleeni. Mkisimama leo na kesho mkakubali kuburutwa, atajifunza kuvuta kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kila anayemtembeza nyumbani afuate kanuni hiyo hiyo. Zawadi itoke akiwa ubavuni mwenu. Akitafuna kamba msishindane naye kuivuta, maana kwake huo ni mchezo. Iacheni ilegee, mpeni mdoli wa kuuma. Na mwacheni anuse atakavyo kwa dakika kumi za mwanzo, baadaye atapunguza kuvuta.