Binti wa miaka 8 aanzie wapi jikoni?

Dada, umeuliza kama binti yako wa miaka 8 anaweza kuanza kukusaidia jikoni hapo Moshi, ilhali mnapikia jiko la mkaa na la gesi. Anaweza, ila ningetanguliza maji na sabuni kabla ya moto: anawe mikono kwa sekunde 20 hivi, hasa akitoka chooni au akishika nyama mbichi, na ajue kwamba ubao na kisu vilivyokatia nyama ya mtori (supu nzito ya ndizi na nyama) havifai kukatia kachumbari mpaka vioshwe vizuri kwa sabuni.

Moto usubiri. Mtori wenyewe ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu uzito wake huufanya ung'ang'anie ngozi na kuendelea kuunguza, wakati maji ya moto yangekuwa yameshatiririka; kwa hiyo asiinue sufuria, na jiko la mkaa lililo sakafuni liwe na mpaka ambao hata wadogo zake hawauvuki. Tena baridi ya Juni na Julai isiwafanye mliingize jiko hilo chumbani, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Akiungua, mwagie palipoungua maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu. Dawa ya meno (sijui nani aliianzisha desturi hii) isipakwe kabisa. Kisu kidogo cha kumenyea ndizi mpe ukiwa umekaa naye, si kwa maelekezo ya kutoka sebuleni.