Nimemaliza diploma, nataka leba

SWALI: Dada, nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, niko Igoma, nataka leba tu, yaani wodi ya kujifungulia, ila watu wanasema nianzie wodi ya kawaida, ni lazima?

JIBU: Wala sio lazima mdogo wangu. Kamata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga kwanza, halafu usizing'ang'anie hospitali kubwa za Mwanza kama Bugando au Sekou Toure, nenda hata kituo cha afya kule Ukerewe, usiku mko wawili tu, mikono inafunguka haraka sana. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, jaza saa ileile, sio asubuhi ndo unaanza kukumbuka. Na damu ya mama baada ya kujifungua ikifika mililita 500 ita mtu! Mi zamu yangu ya kwanza niliona aibu kuita, nikabaki nasugua tumbo la mama huku natetemeka, mkunga mkubwa akaja akanisogeza kwa kiwiko. Na raba za kazini usinunue nyeupe.