Limao Halina Nguvu ya Samaki Sambaza

Juzi mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia. Mpox, ule ugonjwa wa homa na vipele, imefika mtaani kwao, sasa anataka majina ya vidonge vya vitamini awanunulie watoto. Nimemjibu kwa kifupi, ila na nyinyi wengine, ambao kama mimi mnataka watoto wenye afya bila kufilisika, mnisikilize.

Mwaka 2020, corona ilipoingia na mpaka wa Ruzizi na Rwanda ukafungwa, Bukavu nzima ilinuka tangawizi. Watu walichemsha limao, kitunguu saumu na kongo bololo, ule mmea mchungu, wakanywa asubuhi na jioni, wengine bila kitu kingine tumboni. Wifi yangu yeye alikuwa na makopo ya vitamini kutoka Ulaya. Alifunua sufuria yangu, akakuta maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akasema mbele ya wageni kwamba nawalisha watoto wa kaka yake chakula cha kimaskini. Neno lile bado linaniuma, sifichi.

Sikubadilisha kitu. Kingamwili, askari wa mwili dhidi ya magonjwa, zinajengwa kwa protini, na limao ukilikamua mpaka kesho hutapata protini ya maana. Sambaza mkavu analiwa mzima na mifupa yake: protini, zinki, kalisiamu, vyote kwa kiganja kimoja. Lengalenga, yaani mchicha, niliziunga kwa mawese, maana vitamini A inataka mafuta ili iingie mwilini. Na mapera! Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, chungwa lina kama 50, na mtu mzima hahitaji hata 100 kwa siku. Watoto wetu wanayachuma mitini bure, sisi tunakimbilia farmasi.

Corona ilipita kwetu pia, tukakohoa, tukainuka. Sisemi sambaza ndiye dawa; hakuna chakula kinachozuia virusi kuingia. Lakini wifi alipolala kitandani, supu alipelekewa na nani? Na mimi. Asante yake naisubiri hadi leo.

Kwa hiyo mama zangu, acheni kuchemsha limao nusu saa, moto unaharibu hiyo vitamini mnayoitafuta. Likamulieni juu ya maharage yaliyokwisha kuepuliwa, hapo linasaidia hata madini ya chuma kuingia mwilini. Chai isubiri kwanza, ikifuata chakula papo hapo inazuia chuma hicho. Na mtoto asilale na bugali na chumvi tu wakati mama amebeba simu ya bei. Tunajijua.

Mama wa Kadutu, pesa ya vidonge igawe: sambaza, maharage, sabuni. Aina hii ya mpox, iliyogunduliwa Kamituga, huku Kivu Kusini, mwaka 2023, inapita kwa kugusana, hakuna sahani itakayoizuia. Mtoto akipata homa na vipele usimfukize majani, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sambaza wanunue kwa mama anayekubali uwapepete mbele yake, wengine wanakuuzia mchanga.