Re: Buibui wangu mkubwa kalala chali, kafa?

Mkuu usimtupe!! Umesema hajala wiki tatu na leo asubuhi umemkuta kalala chali, huyo hajafa, anajivua gamba. Akifa miguu hujikunja chini ya mwili kama ngumi, ila chali hivyo ndo anatoka kwenye ngozi ya zamani na inaweza kumchukua masaa kadhaa, we mwache tu, usimgeuze wala usimpulizie maji. Ila yule panzi uliyemuachia humo mtoe sasa hivi, maana mwili wake ukiwa laini panzi anaweza kumtafuna.

Wangu hapa Dodoma alivyomaliza meno yalikuwa meupe pee, nikasubiri mpaka yakawa meusi tii ndo nikampa chakula. Maji muwekee kwenye kifuniko cha kopo, kiangazi cha huku kinakausha kila kitu.

Halafu hilo tanki lako refu linanitia wasiwasi sana, buibui wa chini (anayeishi ardhini) ni mzito, akianguka hata kidogo tu tumbo linaweza kupasuka, akishamaliza kujivua na kupata nguvu jaza udongo wa kutosha achimbe shimo lake. Na mende wa jikoni usimpe kabisa, wengi wameshapuliziwa dawa.